Sikio la Mwalimu Letisia

Nyoka alikuwa chini ya mabati tangu asubuhi, au pengine tangu juzi yake mvua ilipojaza mashimo. Sisi hatukujua. Nalitanguliza hili kwa sababu sitaki mtu asome habari hii akicheka kama tulivyocheka sisi. Siku ile tulicheka sana, na mpaka leo nikisikia kicheko kinatoka darasa la kwanza nakwenda kuchungulia mlangoni.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja huko Ruponda, ambayo jina lake naomba nilimeze. Naitwa Maximilian, ila watoto wamelikata wakaniita Mwalimu Maksi, nami nimekubali. Kwetu ni Masasi, ni Mmakua, na Kimwera sikijui zaidi ya salamu. Pia ni mwoga wa nyoka, wa kila aina, hata wale wanaosemwa hawana neno. Mtu akiniambia nyoka fulani hana sumu namjibu kwamba hayo akamwambie nyoka.

Darasa la kwanza lilikuwa la Mwalimu Letisia. Watoto wetu wengi wanatoka nyumba ambazo Kiswahili ni cha redioni na cha gulioni. Ndani wanasema Kimwera, na huku na huko Kimakonde au Kimakua. Mtoto anaingia shule akiwajua ndege wote wa porini kwa majina, halafu mwalimu anamwuliza jina lake yeye kwa Kiswahili, anakodoa macho. Wengi wetu dawa yetu ilikuwa kufoka. Letisia akaja na maigizo. Alijenga soko darasani kwa maboksi, akajenga stendi, akajenga duka la mangi lenye mizani ya vifuu. Mtoto aliyeogopa kusema "naomba" kwa jina lake mwenyewe alilisema bila woga akiwa mama muuza vitumbua. Ofisini tulimtania, tukamwita Msanii. Lakini watoto wake walianza kutusimamisha njiani na kutusimulia habari za kwao, kwa Kiswahili cha kuungaunga ila kinachotembea. Mimi nikaacha kutania. Mwalimu mkuu hakuacha. Yeye alisema yale ni kupoteza vipindi.

Letisia alikuwa na mchezo mmoja uliopendwa kuliko yote, mchezo wa sikio. Yeye mwenyewe ni Mmwera wa Ruangwa, Kimwera amekinyonya, ila watoto hawakulijua hilo na hakutaka walijue. Mtoto akimsemesha kwa Kimwera, aliziba masikio kwa viganja viwili, akakunja uso kama kikongwe, akalia: "Jamani, sikio la mwalimu limeziba! Litazibuliwa na nini?" Darasa zima likapasua paa: "Kiswahili!" Mtoto akilipata neno, hata kama limevunjika mguu, Letisia aliachia masikio, akaruka juu: "Limezibuka!" Watoto walikuwa hoi kwa kicheko. Hata porini wakichunga mbuzi walizibiana masikio. Na wale wadogo waliamini kwa dhati kwamba Kimwera kikifika kwa mwalimu kinagonga ukuta na kuanguka chini.

Rabia alitujia katikati ya muhula. Alikuwa amelelewa na bibi yake shambani huko Malolo, mbali na barabara, na bibi alipofariki mama yake, Zuleha, akamleta Ruponda. Alikuwa na miaka minane, mwembamba, miguu mitupu. Darasani hakusema hata neno. Hakuwa bubu, njiani na wenzake alimwaga Kimwera kama mvua. Ila darasani alikaa akatazama. Aliyatazama maigizo kama mtu anayeitazama njia ngeni asije akapotea wakati wa kurudi. Letisia alikonda kwa ajili yake. Aliniambia, "Maksi, yule mtoto anayo maneno, yamejaa tele. Yanatafuta mlango tu."

Siku yenyewe tulikuwa na mgeni, Bwana Ashraf, wa mradi mmoja wa kusoma na kuandika. Nilimfuata mwenyewe barabara kubwa kwa pikipiki yangu, tukaja tukiteleza matopeni. Letisia alikuwa na hofu tangu alfajiri, maana mwalimu mkuu alishamwambia: mgeni asipopendezwa, maigizo basi. Akachagua igizo lake zuri kuliko yote, Zahanati.

Mambo ya Zahanati yalikuwa hivi. Prisila, binti mwenye mdomo kuliko darasa zima, alikuwa nesi, kitambaa cheupe kichwani. Wagonjwa walikaa foleni kwenye benchi. Kila mmoja akifika aliulizwa, "Unaumwa nini?" akajibu, "Naumwa kichwa," au tumbo, au jino. "Kimeanza lini?" "Jana." Nesi akamgusa, akamfunga bandeji akihitaji, akampa punje za mahindi kutoka kwenye kopo, akasema, "Anayefuata!" Makopo ya dawa yalihifadhiwa nyuma ya darasa, chini ya mabati machakavu yaliyoezuliwa kwenye jengo la zamani, kwa kuwa darasa halina kabati. Rabia alipewa kazi ya kuleta makopo. Ilikuwa kazi isiyohitaji kusema.

Haya yanayofuata tuliyajua baadaye. Rabia alifika kwenye mabati, akaingiza mguu katikati ili apenyeze mkono. Akaumwa juu kidogo ya kisigino. Akamwona nyoka akiinuka, akitanua shingo, kisha akirudi gizani. Hakupiga kelele. Bibi yake alikuwa amemfundisha jambo ambalo watu wa mashambani huko huwafundisha watoto kabla hata ya kuwafundisha kupepeta: ukiumwa na nyoka usikimbie, usilie, tembea polepole, kamwambie mtu mzima, ukae utulie. Wanasema anayelia huiita sumu moyoni.

Basi akatembea polepole. Akamjia mtu mzima.

Alisimama mlangoni bila makopo. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na mgeni. Letisia alikuwa karibu na mlango, anapanga wagonjwa. Rabia akasema kitu kwa Kimwera, kwa sauti ndogo, sentensi moja haikuisha. Letisia alikuwa ameshapandisha mikono. Akaziba masikio, akakunja uso: "Jamani, sikio la mwalimu limeziba!"

"Kiswahili!" darasa likalipuka.

Bwana Ashraf akaniuliza ni nini kile, nikamweleza, akacheka mpaka akatoa simu arekodi. Mimi nilicheka kuliko yeye.

Rabia alimtazama mwalimu wake, na ile mikono. Kisha akalitazama benchi la wagonjwa. Akaenda akakaa mwisho wa foleni.

Nimelifikiria benchi lile kuliko nilivyofikiria jambo lolote maishani. Mama yake alikuja kutueleza mtoto alichokuwa akikiwaza. Alijua vizuri Prisila ni Prisila na dawa ni mahindi. Lakini aliona kwamba pale benchini ndipo yanapotolewa maneno ya kuzibua sikio. Kila aliyetangulia aliyasema kwa sauti. Yeye akakaa, mguu unawaka moto, akayasikiliza ayashike, asubiri zamu yake.

Na foleni ilikwenda taratibu, kwa sababu watoto walikuwa na mgeni na kila mmoja alitaka kung'ara. Stefano aliumwa jino akajiviringisha sakafuni. Masoudi aliumwa tumbo, akatembea amejikunja kama mzee aliyepoteza shilingi, na alipopewa punje alizitema akadai sindano. Tulicheka. Letisia alisimama pembeni, hofu imemtoka, anang'aa. Naikumbuka sura yake hiyo na natamani niisahau. Rabia akasogea benchini nafasi moja, akasogea nyingine. Niliona ameweka mikono yote miwili juu ya goti. Nilidhani ana haya.

Zamu yake ikafika. Akasimama kwa kushika meza.

"Unaumwa nini?" Prisila akauliza.

"Naumwa mguu."

 Darasa likalipuka kwa makofi na vigelegele, maana kila mtoto alijua kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza la Rabia. Letisia alijifunika mdomo, machozi yakamtoka. Akamjia, akapiga magoti mbele yake. "Tena, mwanangu! Sema tena, mgeni asikie."

"Naumwa mguu."

"Mguu umefanyaje?"

Hili halikuwamo kwenye igizo. Rabia akalitafuta. Macho yake yalikuwa yamelegea, nikasema moyoni huyu mtoto anaigiza kuliko wote. "Nyoka," akasema. Halafu akaunga, kwa shida, kama anayevuka jiwe hadi jiwe: "Nyoka. Mguu. Naumwa."

"Safi sana!" akasema Bwana Ashraf. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilimwinamia mgeni nikamnong'oneza, "Huyu atafika mbali."

Prisila hakuwa mtu wa kuachia igizo lake. "Umeanza lini?" akauliza, akachukua bandeji, akainama kumfunga. Rabia hakujibu. Alimtazama Letisia, akitazama masikio yake, kama anayekagua. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Masoudi akamwiga mate yale na wenzake wakaangua kicheko.

Ndipo Prisila akapiga ukelele.

Hakupiga kwa Kiswahili. Prisila, ambaye nilidhani hata ndoto anaziota kwa Kiswahili, aliinuka na bandeji mkononi akalia kwa Kimwera, na benchi zima likainuka likilia kwa Kimwera. Mimi sikuelewa neno. Nikaruka madawati. Mguu wa Rabia ulikuwa umevimba mpaka kwenye kigimbi, na juu ya kisigino palikuwa na matundu mawili madogo, yamekaa jirani, safi kabisa.

Letisia alisema kitu. Alikisema kwa Kimwera, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na watoto wote wakanyamaza wakamtazama. Rabia yeye hakusikia. Alikuwa ameshaanguka mapajani mwake.

Zahanati ya kijiji haina dawa ya sumu ya nyoka. Dawa ilikuwa Mnero, kwenye hospitali ya misheni, na chombo kilichokuwapo ni pikipiki yangu. Tulifunga mguu kwa rula yangu ya ubaoni na bandeji ya igizo usichezecheze. Mwalimu mkuu, ambaye sitamsema vibaya tena, alishika njia mbio kumtafuta Zuleha shambani. Letisia alipanda nyuma, mtoto katikati yetu, amefungwa kwa kanga kwenye kifua chake, uso umefunikwa kuukinga na mvua iliyoanza kudondoka. Bwana Ashraf alibaki mlangoni, simu mkononi, bado inarekodi. Sidhani kama alijua.

Niliogopa. Niliogopa mpaka nikashindwa kuwasha mara ya kwanza. Niliogopa matope, niliogopa kuanguka na mtoto, niliogopa kuchelewa na niliogopa kukimbia. Zaidi ya yote niliogopa kugeuza shingo. Nilihisi kichwa cha Rabia mgongoni mwangu, kinagonga kila tulipopita shimo, na kila kilipogonga nilisema moyoni, bado, bado yupo.

Nyuma yangu Letisia alikuwa anazungumza. Alizungumza Kimwera mfululizo, bila kupumzika, na haikuwa sauti ya mwalimu. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, ya mwanamke mzee. Nilidhani nimepagawa. Mara anauliza, mara anatania, mara anaimba kidogo. Na katikati nilisikia Rabia akijibu. Neno moja, mawili. Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau kwamba yule mtoto ana sauti nyingine tofauti na ile ya "naumwa mguu." Ilikuwa sauti ya kudeka.

"Anasemaje?" nikapiga kelele.

"Aliinuka akatanua shingo!" Letisia akajibu sikioni mwangu. "Swila! Ni swila, Maksi, kimbiza!"

Nikakimbiza. Swila namjua. Sumu yake haina haja na mguu, huo inaupitia tu. Inakwenda kufunga macho, kisha ulimi, kisha pumzi.

Tulipofika kwenye kijito maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja, mekundu, yanakwenda kwa kasi. Wanaume wawili walikuwa upande wetu na majembe yao. Walipomwona mtoto, mmoja akasema, "Mwalimu, ntoto huyu hafiki Mnero. Hapo juu tu yupo mzee ana jiwe lake, linanyonya sumu. Mpeleke hapo, si mbali."

Nitasema ukweli, nilitaka kukubali. Maji yale yalinitisha kuliko jiwe la mzee. Nikamgeukia Letisia na nikamwona Rabia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Kope zilikuwa zimeshuka kabisa, kama mtu aliyelala msibani. Kifua kilikuwa kinapanda kwa hatua ndogo ndogo.

"Dawa iko ng'ambo," Letisia akasema. Aliwageukia wale wanaume akawaambia kwa Kimwera maneno machache, na wakatupa majembe. Mmoja akambeba mtoto begani, mwingine akashika pikipiki pamoja nami, tukaingia. Maji yalinifika kiunoni. Chini ya maji kitu kilinigusa muundi, pengine ni tawi. Nilipiga ukelele kama mwanamke anayejifungua na hakuna aliyenicheka.

Ng'ambo ile Rabia hakujibu tena. Letisia aliendelea kuzungumza, akauliza, akasubiri, akauliza tena. Hakuna. Alipoanza kuimba sauti ikamkatika. Nikasikia anaanza upya. Njia nzima iliyobaki nilisikiliza swali la mtu mmoja lisilo na jibu, na sikuweza kufanya lolote ila kuzungusha mkono wa mafuta.

Hospitalini walimpokea mikononi. Nesi mmoja, Dorotea, mama mnene mwenye mikono ya kazi, aliuliza jambo moja tu, nyoka gani, na Letisia akamwambia. Dawa ikachanganywa. Wakamwekea mpira wa hewa mdomoni, Dorotea akawa anaufinya kwa mkono, anaufinya na kuuachia, na kifua cha mtoto kinapanda na kushuka kwa mkono wa mtu mwingine. Tukatolewa nje.

Zuleha alifika amelowa, kanga imejaa matope mpaka mgongoni. Hakutuuliza kitu. Alipita katikati yetu akaingia ndani. Mimi na Letisia tulikaa kwenye benchi la korido, benchi la wagonjwa, na nikaona anajitahidi asiliangalie.

"Njiani alikuwa ananiita bibi," akasema. "Alidhani ni bibi yake. Nikaitikia."

"Ulifanya vizuri."

"Nikawa bibi yake. Nilimwuliza habari za mbuzi, za kuku, za mwembe uliopigwa na radi. Sijui lolote kuhusu hayo mambo, nilikuwa nayaokota kwenye majibu yake. Aliniuliza, bibi, mbona uliondoka." Akakamua pindo la kanga iliyolowa. "Maksi, neno alilolisema pale mlangoni nililisikia. Si kwamba sikulisikia. Lilifika nusu, nikainua mikono lisifike lote."

 Ningeweza kusema kwamba sote tulicheka, na ni kweli, lakini alilijua. Nikakaa naye tu.

Usiku ule siusimulii. Watu walipokezana kufinya ule mpira, hata sisi tulifundishwa tukapewa zamu, na mtu aliyewahi kushika pumzi ya mtoto mkononi mwake haoni haja ya kuongeza maneno.

Asubuhi Dorotea akatoka, anajinyoosha mgongo. "Anapumua mwenyewe," akasema. "Macho yamefunguka. Kamwuliza mama yake, bibi aliyenipakata kwenye pikipiki kaenda wapi. Mama yake kapata kiwewe, bibi mwenyewe marehemu. Njooni."

Nikasimama. Letisia hakusimama.

"Twende basi," nikamwambia. "Mtoto kapona."

"Naogopa."

"Unaogopa nini sasa?"

"Naogopa atakavyonitazama."

Nikamshika mkono, jambo ambalo walimu hatufanyiani, tukaingia. Rabia alikuwa amelala chali, mdogo kuliko kitanda, mguu umewekwa juu ya mto. Zuleha amekaa chini, kichwa ubavuni mwa mwanawe. Dorotea akamwinamia mgonjwa, kofia nyeupe kichwani, akamwuliza kwa Kiswahili cha upole kama wanavyouliza wote, "Haya, Rabia. Unaumwa nini?"

Rabia akaitazama ile kofia. Kisha akatuona sisi mlangoni. Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa darasani. "Naumwa mguu," akasema, kwa sauti ileile na mwendo uleule. Akatutazama, akisubiri tupige makofi.

Letisia alitoa sauti kama mtu aliyepigwa. Akaenda kitandani, akapiga magoti, akaanza kusema. Kwa Kimwera. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, lakini nadhani ndani yake ile nyingine ya njiani ilisikika, maana Rabia aligeuza kichwa upesi. Akamtazama mdomo ukisema. Akainua mkono wenye sindano ya maji, polepole, akamgusa sikio, la kushoto, kisha akalifikia la kulia. Halafu akasema maneno machache, na hapo ndipo alipolia. Tangu mabati yale hakuwa amelia. Alilia sasa, kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtoto.

Dorotea akacheka kwa huruma, akitikisa kichwa. "Watoto hawa!"

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Anamwambia mwalimu wake," Dorotea akasema, "kumbe ni wewe. Kumbe unasikia."